Mdogo wangu amegawa zana zake za kazi, na leo ametulia na kucheka. Nimuulize au ninyamaze?

Bi Langoni (Lamu), Ijumaa saa tatu usiku

Assalamu alaykum nyote. Nina jambo limenikaa kooni tangu alasiri. Hapa nyumbani kila mtu ananiambia najitia wasiwasi bure, kwa hivyo nalileta kwenu.

Nina mdogo wangu wa kiume, tumefuatana ziwa, ana miaka 39. Ni fundi wa mashua kule Matondoni, kazi aliyoachiwa na marehemu baba. Kusi iliyopita alichukua kazi ya mashua kubwa na mbao akazikopa. Mkuku, ule uti wa chini, ukalazwa, mataruma yakasimama, kisha mwenye kazi akabadili nia akanunua boti ya faiba. Hakulipa hata ile nusu. Mpaka leo mataruma yale yamesimama ufuoni kama mbavu za ng'ombe aliyekufa, na mdogo wangu huyapita kila siku akienda msikitini.

Mwanzo alikuwa akilalamikia mwili: kichwa, mgongo, moyo kwenda mbio. Zahanati aliyokwenda (siitaji) ilimpa vidonge vya maumivu mara tatu, mara zote bila hata kumkalisha. Kisha usingizi ukakatika. Anaamka saa tisa usiku na halali tena, au anakesha na mirungi mpaka alfajiri. Baraza aliacha kuja. Chakula anakigusa tu, na msuli sasa anaufunga kwa kuuzungusha mara mbili. Yeye aliyekuwa akiimba akitia kalafati, ile pamba ya kuziba mianya ya mbao, wanafunzi wake wananiambia hupita siku nzima bila neno, au neno likitoka ni la ukali. Mkewe amekwenda kwao Kizingitini na watoto "kupumzika". Mwezi uliopita alimwambia mama, "Mngekuwa na raha zaidi kama mimi sipo." Mama alimkemea, akamwambia hayo ni maneno ya shetani. Hakuyasema tena.

Leo baada ya sala ya Ijumaa akaja kwangu. Amenyoa, kanzu imepigwa pasi. Akala wali na papa sahani nzima, akacheka na wanangu. Mama akashukuru Mungu kwa sauti: mwanangu amepona. Lakini alikuja na bakora ya baba akampa mwanangu mkubwa. Akasema tezo, randa na keekee amewagawia wanafunzi kwa sababu "sina kazi nazo tena". Halafu akanishika mkono akaniomba radhi. Akataja mpaka mkufu wangu alioupoteza baharini tukiwa watoto, kitu nilichokuwa nimekisahau miaka 30.

Najua huu ni mwezi wa Shabani na watu tunawiana radhi kabla ya kufunga. Hilo ndilo kila mtu analoniambia. Lakini zile radhi za Shabani nazijua, ni za mlangoni na za kupita. Hii ilikuwa nyingine. Mkono wake ulikuwa baridi na alikuwa akinitazama kama mtu anayepanda jahazi.

Naogopa kulitaja neno lenyewe. Jirani yangu mtu mzima ameniambia nikimuuliza nitamtia wazo ambalo hana. Mwingine akasema anayesema hafanyi. Na nikimpeleka hospitali, polisi hawataingia? Yeye amerudi Matondoni kwa miguu baada ya magharibi. Nifanye nini?

Mtu wa Kibokoni (Malindi), saa tatu na robo

Pole dada. Hiyo ni husda ya kazi, mafundi wanafanyiana sana. Tafuta mtu amsomee na amwandikie kombe, aya za kuoshwa kwa maji akanywa. Na mwambie ajikaze, mwanamume hajiui kwa sababu ya mbao.

Muuguzi Mstaafu (Malindi), saa tatu na dakika ishirini

Bi Langoni, kabla hujasoma neno jingine la mtu yeyote, langu likiwamo: yuko na nani saa hizi? Kama yuko peke yake, mpigie jirani yake aende akagonge mlango. Aende na kisingizio chochote, cha chumvi, cha bao, cha simu kuisha chaji, na akae naye mpaka wewe ufike. Kisha rudi hapa.

Bi Langoni

Nimempigia mwanafunzi wake, nyumba zao zimeshikana. Amekwenda. Anasema wamekaa nje wanakunywa kahawa. Mwanangu ametoka kutafuta bodaboda anipeleke.

Muuguzi Mstaafu

Vizuri sana. Wakati unasubiri bodaboda, nisome.

Nimefanya kazi wodini miaka 31, na nitakuambia kilichonishtua katika maneno yako. Huzuni yake ya miezi yote hii ni maradhi yenye jina na yenye dawa. Lakini kilichonifanya niandike kwa haraka ni utulivu wa leo. Mtu aliyezama miezi kadhaa haamki Ijumaa moja akiwa mzima bila kutibiwa na bila jambo lolote kubadilika. Deni lipo palepale, mke yuko Kizingitini, mataruma yako ufuoni. Akitulia ghafla, akagawa vitu alivyovipenda, akaaga kwa namna ya kuomba radhi, mara nyingi maana yake ni kwamba ameacha kubishana na nafsi yake. Amekata shauri. Familia huona amepona na hulegeza macho, na hiyo ndiyo siku ambayo hayafai kulegea.

Niliwahi kukosea hapo, na sitakuficha. Miaka mingi nyuma alikuwapo msichana aliyelazwa kwetu kwa "kichwa". Asubuhi moja aliomba kabati lake lifunguliwe, akazitoa leso zake, jozi kwa jozi, akawagawia dada zake. Alikuwa anatabasamu. Mimi nikamwambia mwenzangu zamu, "Huyu leo ni mzima." Sikumuuliza. Nimeyafikiria maneno yangu yale mara nyingi kuliko maneno mengine yoyote niliyowahi kutamka kazini.

Kwa hivyo uliza, na ulitaje neno lenyewe. Hofu ya kumtia wazo tunaijua sote, na imechunguzwa kwa miaka mingi: kumuuliza mtu waziwazi hakumpi wazo hilo. Kama hana, atakuambia hana, na pengine atakukasirikia kidogo. Kama analo, amekuwa akilibeba peke yake, na swali lako ndilo la kwanza kumpa nafasi ya kulitua. Usimuulize kwa kumkatalia njia, "Hufikirii mambo ya kijinga, ee?" Hapo umeshamwambia jibu unalolitaka. Sema kwa mfano: "Mdogo wangu, nimeona umegawa zana za baba, na umeniomba radhi kwa namna iliyonitisha. Mtu akibanwa hivi huweza kuwaza kujiua. Wewe unawaza kujiua?" Halafu nyamaza. Nyamaza kwa muda mrefu kuliko unavyoweza kustahimili.

Akisema ndiyo, usimhubirie wala usimhesabie watoto wake. Anawajua, na huenda anaamini watakuwa bora bila yeye, kwa sababu maradhi haya humwambia mtu kuwa yeye ni mzigo. Lile neno alilomwambia mama yenu mwezi uliopita lilikuwa dalili tayari. Muulize kama amepanga vipi na lini. Akiwa amepanga, asiachwe peke yake hata kwenda chooni bila mtu kuwa karibu, na kila kitu anachoweza kujidhuru nacho kiondoke nyumbani usiku huuhuu. Kuhusu zana zake, najua moyo wako utataka kumrudishia upesi ili ajione bado ni fundi. Ziache kwa wanafunzi kwa sasa.

Na usimwahidi siri. Mwambie, "Sitamtangazia mtu, lakini hili hatulibebi wawili."

Asubuhi hospitali. Mkihitaji sauti ya mtu, Msalaba Mwekundu wana namba ya bure 1199, na Befrienders Kenya, wanaowasikiliza watu wanaowaza kujiua, wana 0722 178 177. Hali ikiwa mbaya usingoje asubuhi wala simu ya mtu. Boti na punda visikuzuie, amsha watu.

Nenda sasa. Mengine nitayaandika ukiwa njiani.

Muuguzi Mstaafu, saa nne kasorobo

Naendelea, kwa ajili yake na kwa wengine wanaosoma.

Kaka wa Kibokoni, sina ugomvi nawe, najua umeandika kwa huruma. Lakini hilo la mwanamume hajiui nalikataa. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu 700,000 wanaojiua kila mwaka, na wanaume ni karibu mara mbili ya wanawake. Mwanamume wa pwani anayeambiwa ajikaze hujikaza kwelikweli, mpaka anakatika bila mtu kusikia. Na si "kwa sababu ya mbao". Mbao ndizo zilizoonekana. Nyuma yake pana kukosa usingizi, deni, aibu, mirungi inayomaliza kile kidogo kilichobaki cha usingizi, kumkosa baba, pengine na damu ya ukoo wenyewe, maana maradhi haya hufuata koo kama kisukari kinavyofuata. Mara chache sana huwa ni jambo moja.

Jina lake? Wenzetu wa Tanzania husema sonona. Vitabu vyetu vya Kenya vimeandika unyogovu, na sijawahi kumsikia mgonjwa hata mmoja wa Malindi akilitamka. Wanachosema ni "moyo mzito", "ana mawazo", "mwili hauna nguvu", "kichwa kinawaka moto". Ndiyo maana mgonjwa hupewa vidonge vya maumivu mara tatu akarudishwa nyumbani: amesema kichwa, wakatibu kichwa. Sisi wauguzi tulifundishwa kuhesabu wiki mbili. Mtu akikaa wiki 2 au zaidi, karibu kila siku, moyo umeshuka au hana hamu hata na kile alichokipenda (mdogo wako na nyimbo zake za kalafati), na juu ya hayo usingizi umeharibika, chakula hakipandi, mwili umechoka bila kazi, akili haishiki jambo, anajilaumu kupita kiasi, anafikiria kifo, basi hapo tunazungumzia ugonjwa. Imani yake haijapungua wala si mvivu. Daktari mzuri atapima na damu pia, kwa sababu upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huweza kuleta uchovu unaofanana na huu.

La polisi. Hofu hiyo ilikuwa na mizizi. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, na adhabu ilifika miaka 2 jela. Nimewaona wagonjwa wakifungwa pingu kitandani, na jamaa wakidanganya kwamba ilikuwa ajali ili mtu wao asishtakiwe, nasi tukamtibu ajali. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu Nairobi ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Na hata zamani, kuwaza na kuomba msaada hakukuwa kosa la mtu yeyote. Mpeleke bila hofu, na useme ukweli wote mlangoni.

Maalim wa Chuoni (Pate), saa nne na nusu

Nafundisha watoto Kurani, si daktari. Naomba niseme moja kwa ajili ya mama yenu, maana atasema ni shetani, na atasema kwa mapenzi.

Bi Maryam, radhi za Mungu ziwe juu yake, uchungu ulipombana peke yake chini ya mtende, alitamani laiti angekufa kabla ya siku ile na akasahauliwa kabisa. Maneno hayo yamo katika sura yenye jina lake na tunayasoma kila siku. Hakukemewa. Alipewa maji ya kunywa na tende za kula, akaambiwa autulize moyo wake. Nabii Yakubu naye, macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni, na hakuna anayesema alikuwa na imani haba. Kujiua ni haramu, hilo halina mjadala, na aya inayokataza yenyewe inamalizia kwa rehema ya Mungu kwetu. Sasa mtu aliyefika ukingoni, sisi tunaanza na ukali au na maji na tende?

Akitaka kusomewa, asomewe. Kombe halimzuii mtu kupanda ngazi za hospitali. Nimewasomea wengi, na wawili niliwashika mkono mwenyewe nikawapeleka kwa daktari, kwa sababu niliona kazi yao imenipita.

Dereva wa Casuarina (Malindi), saa tano usiku

Sijawahi kuandika haya popote. Naandika kwa sababu ya ule utulivu.

Mwaka 2020 corona ilipofunga hoteli, nilikuwa nikiendesha wageni wa Kitaliano. Gari lilikuwa la mkopo. Kufikia Agosti gari limechukuliwa, na mimi nakaa kitandani natazama dari. Watu hufikiri huzuni ni kulia. Mimi sikulia. Nilikuwa kama redio iliyozimwa. Wanangu wakizungumza nami naona midomo inakwenda, nasubiri imalize. Sikutaka kufa, nilitaka tu ule uzito uondoke, na sikuona mlango mwingine.

Siku nilipoamua, nililala usingizi mzuri kuliko miezi yote. Naapa. Niliamka nikamfulia mke wangu nguo, nikawanunulia watoto mahamri, nikalipa deni la duka, shilingi 340. Mke wangu akampigia mamake simu, namsikia, "Amerudi, mama, mume wangu amerudi." Na mimi nimekaa pale ukumbini nikiwa ndio naondoka.

Nikaenda kwa kinyozi nitengenezwe. Kijana mdogo tu, ananinyoa miaka. Amefika nusu ya ndevu akasimamisha mashine, akanitazama kwenye kioo, akasema, "Baba fulani, mbona umekuja kulipa na deni la mwaka jana? Unataka kujiua?" Hivyohivyo, bila kuzunguka. Nililia na nusu ya ndevu. Alifunga duka, akakaa nami mpaka ndugu yangu akaja. Mpaka leo namuuliza alijuaje, ananiambia hakujua, aliogopa tu.

Dada, umeogopa kama yeye. Muulize.

Na kwa wale watakaouliza: sikuamka kesho yake mzima. Dawa ilichukua karibu mwezi mzima kabla sijahisi kitu, na wiki ya pili niliona hali imekuwa mbaya zaidi, nusura niitupe. Nazungumza na mshauri mpaka leo, siku nyingine ni nzito. Lakini nasikia watoto wangu wakizungumza, maneno yote.

Bi Langoni, Jumamosi saa kumi alfajiri

Nimemuuliza.

Nilimkuta na mwanafunzi wake barazani. Kijana akaondoka kidogo. Nikamwambia twende ufuoni, tukakaa juu ya ule mkuku. Maji yalikuwa yamekupwa. Nilikuwa nimeyakariri maneno ya Bi Muuguzi njia nzima nyuma ya bodaboda, na nilipofungua mdomo nikayasahau yote. Nikasema tu, "Unataka kujiua?" Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

Akanyamaza. Nikataka kusema neno, nikajizuia. Akachukua kipande cha pamba ya kalafati kilichokwama kwenye ubao, akawa anakisokota, anakisokota. Kisha akasema, "Umejua tangu lini?"

Sitaandika yote. Ilikuwa karibu, karibu sana. Ameniambia, "Nyote mmeniambia nivumilie. Hakuna aliyeniuliza navumilia nini." Mimi mwenyewe nimemwambia avumilie, pengine mara 20. Nilimwambia hivyo, nikamwomba radhi mimi sasa. Akasema alifikiri akinitajia nitamchukia. Nikamwambia nimeichukia miezi yote hii niliyoishi bila kujua, lakini yeye hapana. Tumelia kama watoto pale, na mwanafunzi wake amesimama kwa mbali na tochi, hajui aje au asije.

Nimemleta kwangu. Amelala msanani, ukumbi wa ndani, mwanangu amelaza mkeka mlangoni. Mama nimemwambia kidogo tu. Aliketi akashika kichwa, kisha akainuka akaenda kumpikia uji. Bado kidogo waadhini wa alfajiri waanze. Kukikucha tunakwenda.

Maalim, yale ya Bi Maryam nimemsomea mama kutoka kwenye simu. Aliniambia nirudie.

Mtu wa Kibokoni, Jumamosi asubuhi

Nimesoma yote. Nisamehe, dada. Nina kaka yangu Mombasa aliyeacha kupokea simu tangu mwezi uliopita. Nilikuwa nasema ana kiburi. Napanda basi leo nimfuate.

Muuguzi Mstaafu

Nenda. Akikufungulia mlango usianze na kwa nini hupokei simu.

Bi Langoni, siku tisa baadaye

Niliahidi kurudi.

Tulikaa sana foleni, nusura aondoke mara mbili, lakini tulipoingia tulipata muuguzi wa afya ya akili aliyemkalisha. Alimpa karatasi ya maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, chakula, kujiona umeshindwa. Lile la 9 linauliza kama umewaza ni afadhali ufe au ujidhuru. Mdogo wangu akalisoma, akaniangalia, akaniambia, "Kumbe wameliandika." Kana kwamba alidhani yeye ndiye wa kwanza duniani kuwa nalo.

Walimpima damu, wakamwanzishia fluoksetini, kidonge kimoja kwa siku. Kila wiki anaonana na mshauri. Walituambia wiki za mwanzo tuwe macho zaidi, kwa kuwa nguvu ya mwili hurudi kabla ya moyo. Vidonge nakaa navyo mimi, nampa kimoja kimoja. Hapendi. Juzi alinifokea kwamba namlea kama mtoto wa chuoni, na mimi nilifurahi kumsikia akifoka.

Sitaki mdhani mambo yamekwisha. Usiku bado anaamka. Mirungi amepunguza, hajaiacha. Mkewe amekuja juzi na watoto, wako nasi hapa. Tumemfuata mwenye mbao, mjomba na wazee wawili wa Matondoni, naye amekubali kulipwa kidogo kidogo. Alisema angekuwa anajua asingekuwa akimtumia ujumbe kila asubuhi. Mwanafunzi wake alikuja na tezo imefungwa kwenye gunia, ameipaka mafuta. Akasema, "Fundi, hii naishika tu, haijawa yangu." Kisha akaondoka nayo, kama tulivyokubaliana.

Nina swali moja. Ramadhani inaingia wiki ijayo na anataka kufunga. Dawa anywe saa ngapi? Na yeye anasema labda aiache mwezi huu, aanze tena Idi.

Muuguzi Mstaafu

Asiiache. Hata siku akijiona mzima asiikate mwenyewe. Kwa kawaida huendelea miezi 6 au zaidi baada ya mtu kupata nafuu, na kuipunguza ni kazi ya daktari. Kwa kuwa ni kidonge kimoja kwa siku, kwa kawaida huweza kunywewa wakati wa daku pamoja na maji mengi. Muulizeni daktari wake wiki hii kabla mwezi haujaandama, na mumwambie pia kuhusu usingizi, kwa sababu kukesha kwa tarawehe na daku kunaweza kumrudisha nyuma. Daktari akisema asifunge mwaka huu, ni mgonjwa na ana ruhusa yake.

Maalim wa Chuoni

Ruhusa anayo, ya mgonjwa kama mgonjwa mwingine. Akiona haya kula mchana mbele ya watu, aje huku Pate kwangu, nyumba yangu ina ua.

Bi Langoni

Nimemsomea. Amecheka kwa hilo la ua. Jumanne tuna miadi, nitauliza la daku.